Siku Tuliyoyapa Mawimbi Ubavu

Hapa mjini Machakos nikisema mama yangu aliuawa na mawimbi, watu hunitazama kama mtu anayetia chumvi. Wengine hucheka kabisa. Mwenzangu mmoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninapofanya kazi aliniuliza kama mama alikuwa ameenda kutembea Mombasa. Nikamwambia hapana, alikuwa anarudi nyumbani kutoka kuchukua mbegu za maharagwe. Akaniuliza misumari ya inchi nne imewekwa wapi. Simlaumu. Sisi ni watu wa ukame. Tunajua kufukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatokee, na tunajua kumtembeza punda mwenye mitungi minne bila kumwaga. Mawimbi si mambo yetu.

Lakini bwawa lipo, huko chini upande wa Masinga, na wanaolipita asubuhi hulisifu kwa utulivu. Hawajalikuta saa tisa alasiri, upepo ukitoka mashariki bila mlima wala msitu wa kuupunguza. Mawimbi yake si kama ya baharini, najua, nimeambiwa hivyo mara nyingi na watu ambao hawakuwemo. Nilipokuwa nimeketi yalinipita kichwa, na mtumbwi wetu ulikuwa na kina cha kufika magotini. Kipimo hicho kinanitosha.

Ulikuwa mwaka ule wa Elinino, mwisho wa tisini na saba kuingia tisini na nane. Mvua ilinyesha mpaka watu waliokuwa wameiombea kanisani wakaanza kuomba isimame. Bwawa lilipanda likafunika daraja dogo la barabara yetu, na nyuma ya kilima korongo likabomoka lisipitike hata kwa mguu. Tukabaki juu ya kilima chetu kama kuku juu ya dari. Soko lilikuwa ng'ambo, zahanati ng'ambo, na mtu aliyetaka chumvi ilibidi avuke maji.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kitambo, kazi sina, na ndiyo maana nilikuwa na nafasi ya kujifunza kasia. Aliyenifundisha ni mvuvi aliyetoka upande wa Ziwa Victoria, akapiga kambi yake ya maturubai kando ya bwawa. Alikuwa mtu wa dhihaka. Alisema Wakamba tunashika kasia kama jembe, na alisema kweli. Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha.

"Wimbi ikikuja, usikimbie na usipite kando," aliniambia. "Wewe mpe pua ya boti. Panda yeye, shuka yeye. Ukimpa ubavu, umekwisha."

"Na kama nyumbani hakuko upande huo?"

"Nyumbani itangoja. Haina miguu."

Nyumbani kwetu kulikuwa kusini, na upepo ulitoka mashariki. Kwa hiyo aliyechelewa akakutwa na upepo hakuweza kuja moja kwa moja. Ilimbidi aelekeze pua mashariki, mbali na kwao, apande wimbi moja baada ya jingine, na kila mawimbi yakilegea ajisogeze kidogo kusini, mpaka afike nyuma ya jabali lililoingia majini. Hapo upepo hukatika na mtu anaweza kugeuka. Safari ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Nilijaribu njia hiyo na mvuvi mara tatu, na mara zote tatu nilitapika. Mwanzoni mwa Januari alifiwa kwao, akaondoka, akaniachia mtumbwi niwavushe watu asubuhi tu. Asubuhi tu, alirudia, akinishika bega.

Sasa niseme juu ya mama. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kilima chetu, yaani kikundi cha kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mitaro yote inayozuia udongo kwenye mteremko wetu aliisimamia yeye. Kazi hiyo tunaiita fanya juu, kwa sababu unachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, na baada ya miaka mteremko unakuwa ngazi. Mtu mmoja anashika kijiti huku, mwingine kule, katikati uzi umevutwa na pima maji inaning'inia. Ukishapata usawa unachimba kufuata uzi huo, ukizunguka kilima. Ukichimba kwa kupanda au kushuka, mvua ya kwanza itageuza mtaro wako kuwa mto na kubeba shamba lako lote.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi ila kwenye mstari huo. Nilianza kuchimba nikiwa na miaka saba, na kila nilipopinda nilisikia sauti yake nyuma yangu: "Fuata mstari. Usipande, usishuke." Hakufoka. Aliisema hivyo hivyo kwa wake za watu, kwa mchungaji alipokuja kusaidia, na kwa baba. Nilipokuwa shuleni nikichora mstari kwa rula nilikuwa naisikia. Naisikia hata sasa nikipanga rafu za duka.

Maharagwe ya kwanza ya msimu ule yalikuwa yameozea ardhini. Mbegu za msaada zikatangazwa ng'ambo, na mama akapewa kazi ya kuwachukulia wenzake. Kina mama walipanga kukutana alfajiri ya kesho yake wapande shamba baada ya shamba, maana mvua ilikuwa imepumzika na hakuna aliyejua itapumzika siku ngapi. Tulivuka asubuhi, maji laini kama uji uliopoa. Lakini lori la mbegu lilikuwa limekwama kwenye matope. Lilifika saa nane na nusu. Mbegu zilikuwa zimepakwa ile dawa ya rangi ya waridi, na kufikia wakati wa kushusha magunia mawili mtumbwini mikono yangu na ya mama ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Nilimwambia tulale ng'ambo. Kulikuwa na shangazi yangu huko ambaye angetupokea.

"Na watu wakikuja kesho watapanda nini?" mama aliuliza. "Mawe?"

"Mwaitu, upepo umeanza." Mwaitu ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Naona. Si wewe ndiye ulifundishwa?"

Nilijisikia vizuri aliposema hivyo. Sitaficha. Kwa miaka mitano nilikuwa kijana aliyesoma bila faida, na sasa mama yangu, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, aliniambia kwamba kuna kitu ninachokijua. Nikasukuma mtumbwi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda sawa kwa sababu ukingo wa ng'ambo ulitukinga. Tulipotoka kwenye kinga ile, wimbi la kwanza lilitupandisha, likatuachia. Mama alishika ubao kwa mikono miwili. Nikageuza pua mashariki kama nilivyofundishwa. Yalikuja kwa zamu, makubwa matatu kisha madogo kadhaa, ya rangi ya udongo, na juu ya kila moja upepo ulikata povu na kutupiga nalo usoni. Tukipanda niliona anga tu. Tukishuka niliona ukuta wa maji matope, na nikasikia mtumbwi ukilia kwenye misumari yake. Niliogopa. Lakini mtumbwi ulikuwa unapanda. Maji yaliyoingia yalikuwa ya mama kuyateka kwa mkebe, na aliyateka kwa bidii ile ile ya shambani.

Tatizo ni kwamba nyumbani kulionekana. Upande wetu wa kulia kilikuwapo kilima chetu na ngazi zake zote, na watu wadogo wadogo wamesimama ukingoni. Na sisi pua yetu ilielekea kwingine, kwenye maji matupu yasiyo na mwisho.

"Unatupeleka wapi?" mama aliuliza. "Nyumbani ni pale."

"Lazima tupande upepo kwanza, Mwaitu. Mpaka nyuma ya lile jabali."

"Tunapanda, tunashuka, tunapanda, tunashuka, na maji inaingia. Mtu hafanyi kazi hivyo."

Yalikuja makubwa matatu mengine, na la tatu liliangukia ndani. Gunia moja likaanza kutoa rangi, na maji yaliyotufika miguuni yakawa ya waridi. Mama akaacha kuteka. Nilipomtazama niliona uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Mama yangu alikuwa anaogopa. Mtu akiogopa hurudi kwenye kile anachokijua kuliko vyote, na yeye alichokijua ni kimoja. Akanyoosha mkono wake mwekundu, kuonyesha lile bonde lililokuwa kati ya wimbi na wimbi, lililonyooka kuelekea nyumbani sawasawa kama mtaro.

"Fuata mstari," alisema. "Usipande, usishuke. Fuata mstari, mwanangu."

Ningesema kwamba nilisahau somo la mvuvi, watu wangenisamehe upesi. Sikusahau. Nilikuwa nalo kichwani neno kwa neno. Lakini somo lile lilikuwa la miezi miwili, na sauti hii ilikuwa ya miaka kumi na sita, na mikono yangu ilimtii mama kabla sijaiuliza. Nikageuza pua kusini.

Kwa muda mfupi ikawa kweli. Mtumbwi ulitulia bondeni kama umewekwa juu ya meza. Hakukuwa na kupanda wala kushuka. Mama akavuta pumzi na kuchukua tena mkebe wake. Nilipiga kasia mara nne, labda tano, na nyumbani kulikuwa mbele yetu moja kwa moja. Kisha wimbi likaja kutoka ubavuni. Halikuwa kubwa kuliko yale mengine. Liliuinua ubavu wa kushoto taratibu, magunia yakateleza kwenda kulia, mama akateleza nayo, na mtumbwi ukageuka juu chini.

Sikuwa najua kuogelea, na yeye pia. Mimi nilishika mtumbwi kwa sababu ulinipiga kifuani. Yeye alikuwa na gamubuti na koti zito la mvua. Nilimwona mara moja, kichwa tu, kitambaa kimetoka, anatazama upande wa kilima. Nilimwita. Wavuvi wawili walionitoa walisema nilikuwa bado naita walipofika, na kwamba walilazimika kunibandua vidole kimoja kimoja. Mama alipatikana siku ya tatu.

Baba alikuwa ukingoni pamoja na kina mama wa mwethya, wakingoja mbegu. Aliona yote. Usiku ule hakuniuliza kitu. Asubuhi alikuja akaketi kando ya kitanda changu, akaniuliza swali moja tu.

"Alisema nini?"

Nilitazama mikono yangu, bado ilikuwa na ile rangi. Ningesema kweli, ingekuwaje? Kwamba mama alijiua kwa neno lake mwenyewe? Kwamba mimi nilijua na bado nikageuza? Sikujua ni nani kati yetu wawili niliyekuwa namlinda. Nadhani nilijilinda mimi.

"Alikuwa anaomba, Tata," nikasema.

Baba aliitikia kwa kichwa, akatoka. Mchungaji alilichukua neno hilo, akalihubiria mazishi yote, na kina mama wakalia kwa faraja. Kwenye msalaba wa mbao baba alitaka yaandikwe maneno "Alilala akiomba." Na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nilipewa mimi brashi na rangi nyeusi. Niliandika herufi moja moja, vizuri, zikiwa zimenyooka.

Wiki mbili baadaye maharagwe yaliota kando ya bwawa. Mawimbi yalikuwa yamezitupa mbegu zetu ukingoni, na zikachipua kwa mstari mmoja mrefu kuzunguka maji. Baba aliteremka peke yake akayang'oa yote.

Jambo jingine alilolifanya wakati ule hatukulielewa. Baba alikuwa mtu wa kofia. Alikuwa na moja ya kaki, ya ukingo mpana, iliyopauka kwa jua, na hata siku ya kupigwa picha ya kitambulisho alibishana na karani kuhusu kuivua. Baada ya mama kufa hatukuiona tena. Alilima kichwa wazi, kwenye jua la utosi, upara wake ukibabuka na kupona na kubabuka tena. Shangazi yangu wa ng'ambo alimnunulia mpya. Aliipokea kwa shukrani, akaitundika kwenye msumari kando ya mlango, ikakaa hapo. Tulisema ni kuomboleza. Mzee akishafiwa huwezi kumpangia namna ya kuomboleza.

Mimi nilihamia mjini, nikapata kazi dukani, nikaoa. Nilikuwa narudi kila msimu kumsaidia. Hatukuongea juu ya bwawa hata mara moja, ingawa linaonekana kutoka mlangoni. Miaka ikapita hivyo, tisa.

Mwisho wa mwaka wa elfu mbili na sita mvua kubwa zilirudi, na mtaro wa tatu kutoka juu, ule ambao mama aliupenda kwa sababu ulikuwa wa kwanza kuchimbwa, ukabomoka. Nilikwenda nyumbani Jumamosi tukautengeneze. Tulitoa uzi wake ule ule na pima maji yake ile ile, iliyopasuka pembeni. Baba alishika kijiti kimoja, mimi kingine. Tulichimba asubuhi nzima bila neno la ziada. Baba alikuwa amezeeka. Jembe lake lilikuwa linapinda, kila hatua chache likipanda kidogo mteremkoni, na bila kufikiri, bila hata kuinua macho, nikamwambia:

"Fuata mstari, Tata. Usipande, usishuke."

Niliacha jembe. Nilijua uso wangu ulikuwa umenisaliti, kwa hiyo nikageuka upande mwingine, na upande huo kulikuwa na bwawa.

Kisha nikamsikia baba nyuma yangu.

"Mama yako hakuwa anaomba," alisema.

Sikugeuka.

"Huyo mtu hakuwahi kuomba na sauti. Miaka thelathini tulipiga magoti pamoja na sikuwahi kusikia hata neno moja. Nilijua ile asubuhi ulinidanganya. Nilinyamaza kwa sababu niliona unanionea huruma."

Nikageuka. "Nikuonee huruma kwa nini?"

"Kwa ajili ya kofia."

Nilidhani ni uzee. Akaona kwamba sikuelewa, akasimamisha kijiti chake ardhini, akaegemea.

"Niliona umeangalia kule mbali, unaenda kwa maji tupu. Nikafikiri umepotea, hujui nyumbani ni wapi. Nikavua kofia. Nikapunga, mje moja kwa moja. Nikapunga na nguvu yangu yote. Na wewe ukageuza ile saa. Niliona na haya macho. Nilikuita, ukakuja, na ikawa vile. Nikajua mama yako aliona kofia akakuambia naita, na wewe ukanificha."

Alisema kama mtu anayesimulia kitu alichokisimulia mara nyingi, ila hakuwahi kumsimulia mtu. Nilitazama upara wake wenye makovu ya jua.

"Tata, sikuiona kofia," nikasema.

"Hukuiona."

"Sikuona mtu yeyote akipunga. Niliona watu wadogo wamesimama tu. Macho yalikuwa yamejaa maji."

"Kabisa?"

"Kabisa." Na hapo ndipo nikamwambia, nikiwa nimeshika uzi wa mama mkononi: alivyoogopa, alivyoonyesha lile bonde, alichosema. Nikamwambia kwamba mvuvi alikuwa amenionya, kwamba nilijua, kwamba niligeuza nikijua.

"Na ukafuata," baba alisema.

"Nikafuata."

Alitazama chini kwenye mtaro. Nilingoja anipige, au alie, au anilaani. Ningeyapokea yote matatu. Uzi ulikuwa umelegea kati yetu na pima maji ilikuwa imelala kwenye matope.

"Ungeniambia," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyeambiwa mwisho wa safari kwamba mzigo aliobeba haukuwa wake. "Miaka tisa. Ungeniambia."

Mbingu ilikuwa inafunga tena upande wa mashariki. Baba aliokota kijiti chake, akaniambia nivute upande wangu tumalize kabla ya mvua, tukavuta uzi, tukachimba mpaka mwisho wa shamba.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa uani nafunga kamba za viatu alipotoka kwenda kanisani. Alisimama mlangoni, chini ya ule msumari, akaiangalia ile kofia mpya kwa muda mrefu. Aliigusa ukingo, akafuta vumbi kwa kidole. Jua lilikuwa limeshatoka kali. Kisha akatoka, kichwa wazi, akanipita, akashika njia.